Beatrice Nzilani Gicheru, Aliyetembeza Vilima

Wapendwa waombolezaji, marehemu Beatrice Nzilani Gicheru alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Oktoba 1961, saa kumi na moja na nusu alfajiri, karibu na soko la Kalamba, wakati huo likiwa bado katika Wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndeti Ndululu na Bi. Ndinda. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1962, kwa sababu karani aliyemwandikisha aliwapa siku hiyo wote waliofika bila cheti, na shangazi zake wamekuwa wakidai, hata jana hapa matangani, kwamba alizaliwa usiku wa mafuriko makubwa, lakini mafuriko yalikuja mwezi uliofuata, mtoto akiwa tayari anabebwa mgongoni. Ilikuwa siku iliyofuata gulio, na mwalimu wa kanisa alipopita kwenda kupiga kengele ya saa kumi na mbili, mtoto alikuwa ameshalia, ameshaoshwa na ameshalala, kwa hiyo familia inaomba saa hiyo na siku hiyo ziandikwe hivyo msalabani.

Alisoma shule ya msingi hapo Kalamba kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Katika mwaka wake wa mwisho, wakati wa ukame, mdogo wake Kivuva, aliyekuwa hajafikisha miaka miwili, aliharisha kwa siku chache akafariki, na wazazi, kama wazazi wengi wa wakati ule, walikuwa wamemnyima maji wakiamini kwamba maji ndiyo yanayozidisha ugonjwa. Marehemu aliendelea na shule ya sekondari ya wasichana mjini Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, kisha akasomea uchoraji Nairobi, akahitimu mwaka 1982.

Mwezi Machi 1983 aliajiriwa na shirika moja la elimu ya afya jijini Nairobi, akichora mabango ya zahanati. Alifunga ndoa na Bwana Evanson Gicheru, mfanyabiashara wa Kibwezi, siku ya Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Wariara, aliyezaliwa mwaka 1987, na Ndinda, aliyezaliwa mwaka 1991.

Mwaka 1988 shirika lilipata kompyuta ya kutengenezea picha zinazotembea, na marehemu akakabidhiwa. Wengi walidhani mashine ile ilichora yenyewe, lakini ilikuwa na rangi chache kuliko duka la leso, na kumbukumbu yake ilijaa upesi kama mtungi mdogo, hivyo kazi kubwa ya marehemu ilikuwa kulidanganya jicho kwa heshima. Baba yake alipomtembelea ofisini akauliza yule mwanamke kwenye kioo anakwenda wapi, Nzilani alimweleza kwamba haendi popote, anainua miguu pale pale, ni vilima vinavyopita nyuma yake, vya karibu vikipita haraka na vya mbali vikijikokota, na jicho linajiongezea safari lenyewe. Maji ya mtoni nayo hayakusogea hata kidogo, ila rangi za buluu zilipokezana nafasi, hii ikiingia pale ilipotoka ile, na aliyetazama aliapa kwamba mto unatiririka.

Filamu yake ya kwanza ilihusu jambo alilokuwa amelibeba tangu utotoni, yaani mama anayemtengenezea mtoto anayeharisha kinywaji cha maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi. Mama alikwenda mtoni akielekea kulia, akarudi nyumbani akielekea kushoto, na kwa kuwa mashine haikuweza kubeba picha zake mara mbili, marehemu alizigeuza zile zile kama mtu anavyojiona katika kioo, na mama akarudi bila kuongeza mzigo.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti 1989, filamu ilionyeshwa sokoni Kyuso, kwa televisheni iliyowekwa juu ya meza na jenereta nyuma ya duka. Watu walifurahia vilima na mto, lakini mama aliporudi na kumpa mtoto kikombe, minong'ono ilianza, kijana mmoja akatania kwamba yule mama alikwenda mtoni na mkono mmoja akarudi na mwingine, bila shaka wamebadilishana na mamba, na wanawake hawakucheka, wakaanza kuinuka mmoja mmoja na watoto wao. Ndipo Bi. Mwanamisi, mwuza ndengu aliyeheshimiwa sokoni hapo na Waislamu na Wakristo, akamwendea marehemu akamwambia kwa upole: "Mwanangu, huyu anampa mtoto kinywaji kwa mkono wa kushoto. Mkono huo hatumpi nao hata jirani tuliyekosana naye. Ni mama gani huyo asiyetaka mtoto wake apone?"

Nzilani alikuwa amezaliwa na kulelewa Ukambani, akakatazwa mkono ule tangu anajifunza kula, na hakuuona. Kwa miezi mingi alikuwa ameitazama picha akichunguza kama inatikisika, hakutazama inatenda nini. Picha ilipogeuzwa, mkono wa kulia uligeuka nayo, na siku hiyo hakuna mama hata mmoja wa Kyuso aliyekubali kuelezwa kipimo cha chumvi.

Shirika lilimpa muda hadi mwanzoni mwa Novemba, na kama Kyuso wangeikataa filamu tena, ingewekwa kabatini na kompyuta ingehamishiwa kwa wahasibu. Alijaribu kumchora mama wa pili wa safari ya kurudi, mashine ikakwama. Akapunguza rangi ili apate nafasi, uso wa mama ukawa kama udongo wa kichuguu. Akaondoa vilima, na mama akaonekana anatetemeka mahali pamoja kama mwenye homa. Wenzake walimshauri kwa nia njema aseme imeshindikana arudi kwenye mabango, naye akajibu kwamba bango halimwonyeshi mtu akimeza.

Jumapili moja ya Septemba alikwenda Kalamba kupumzika, na mama yake akamletea uji katika kibuyu kilichojaa hadi mdomoni, akimpa kwa mikono miwili kama chombo kilichojaa kinavyotolewa. Nzilani hakukipokea, alikaa akitazama, kisha akamwomba mama arudi mlangoni amletee tena, na tena kutoka upande wa pili, hadi uji ukapoa na Bi. Ndinda akauliza kama hayo ndiyo mambo wanayofundishwa Nairobi. Alikuwa ameona kwamba mikono miwili, hata ukiigeuza namna gani, hubaki mikono miwili. Alirudi kazini, akamfutia mama wa filamu kikombe, akampa kibuyu kilichojaa, na mashine haikuombwa kubeba zaidi ya ilivyobeba mwanzoni.

Jumamosi, tarehe 4 Novemba 1989, alirudi Kyuso na ukanda wa video wa filamu hiyo iliyorekebishwa, akasimama nyuma ya watu, akiwatazama wao badala ya filamu. Mama alikwenda mtoni, akarudi, akainama, akatoa kibuyu. Hakuna aliyeinuka. Bi. Mwanamisi alitazama mpaka mwisho, kisha akasema: "Huyu sasa ni mzazi. Rudisheni nyuma tuone tena hiyo chumvi ni kiasi gani."

Marehemu alitengeneza filamu nyingine kadhaa, akaendelea na kazi hadi Februari 1994, figo zilipoanza kumsumbua. Alitibiwa Nairobi, akawa akisafishwa damu, akastahimili kwa zaidi ya miaka miwili bila kunung'unika, hadi Ijumaa, tarehe 16 Agosti 1996, saa tisa alasiri, alipoaga dunia, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kibwezi waliopika na kuchota maji tangu Ijumaa, wafanyakazi wenzake, na kanisa. Inawashukuru kwa namna ya pekee akina mama waliosafiri kutoka Kyuso, ambao wametueleza kwamba ukanda ule wa video umechakaa kwa kuonyeshwa, mama na mto na vilima sasa ni mistari tu, wala hawajaomba mwingine, kwa sababu mtoto akiharisha Kyuso hakuna anayemnyima maji, na wasichana ambao hawakuwahi kuiona filamu wanajua kipimo cha chumvi kwa kufundishwa na mama zao.

Nzilani wa Ndeti, ulichotaka kimefika. Pumzika sasa kwa amani.