Mashine Tulizozitunza Kwenye Boksi

Mgeni wetu rasmi Mkurugenzi Shao, Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wenzetu:

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha mjini kwetu Lanzhou salama licha ya vumbi hili. Sisi ni mabibi kumi na wanne tunaoleta wajukuu Kituo cha Chipukizi. Msomaji wenu, Bibi Guizhen, ni mjane aliyeishia darasa la tano, akikwama, mvumilieni.

TULIKOTOKA
Wajukuu wetu walizaliwa viziwi. Serikali ikawafanyia upasuaji, wakapandikizwa kifaa kichwani, na nje wakapewa mashine ndogo ya kukaa nyuma ya sikio. Hiyo ya nje ikivuliwa, mtoto hasikii hata radi. Wazazi wao wako viwandani Dongguan, mbali kusini. Waliopewa maelezo hospitali ni wao; waliobaki na watoto ni sisi.

TULICHOPATA
Mtoto ambaye sufuria ikianguka alikuwa hageuki, leo ukimwita anakuja. Wapo waliofika maneno mia tatu. Tumefundishwa kuziba mdomo kwa kadi tukitamka, ili mtoto atumie sikio asitusome midomo. Walimu wetu hawachoki, Mungu awalipe.

KOSA LETU
Hili halikuwamo kwenye rasimu ya kwanza ya risala hii. Tumeliongeza wenyewe.

Mwezi wa pili Mwalimu Qiao alimwita Bibi Tuo Yufen. Mjukuu wake Xiaoman, wa miaka minne, alikuwa na mwaka mzima darasani na maneno thelathini na manane tu. Bibi Tuo alikwenda amejikaza, akidhani mtoto kafanya utundu, nasi wenzake tukamfuata.

"Bibi, nyumbani mashine mnaiwasha?"

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kuharibu kitu cha serikali? Tukifika mlangoni tu naivua, naifuta, naiweka kwenye boksi la biskuti. Itazame, haina hata mkwaruzo!"

Mwenzetu Bibi Ha akadakia, "Boksi la biskuti, wewe! Yangu inalala kwenye hariri ya harusi yangu."

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha watoto, akauliza ni wangapi tunafanya hivyo. Mikono saba ikanyooshwa, tena kwa fahari.

Ndipo akatueleza kwamba neno haliokotwi darasani peke yake. Mtoto hulipata jikoni, akifokewa, akiitwa kula.

Bibi Tuo akauliza, "Kwa hiyo nilivyokuwa namwimbia alale…"

"Alikuwa hasikii, Bibi."

Hakulia. Walipofika mlangoni kwao, hakumvua Xiaoman mashine. Tangu siku hiyo anaongea kutwa: anataja maji, unga, kisu, mvuke, mpaka sauti imemkauka. Kwa miezi miwili mtoto ameongeza maneno ishirini na tisa. Lakini juzi, baada ya sala, alituambia, "Mungu najua namna ya kumwomba. Huyu mtoto nimwombe vipi? Hana hata neno la kunisamehe."

OMBI
Sheria ya kituo ni kwamba mtoto aliyemaliza mwaka na hajafika maneno mia moja kwenye kipimo cha Ijumaa hii atampisha aliye kwenye foleni. Wetu saba hawatafika. Walio kwenye foleni nao ni wajukuu wa watu, hatuombi wafungiwe mlango. Mkurugenzi, tunaomba mwaka ule wa maboksi usihesabiwe. Waanze kuhesabiwa mwezi wa pili, siku walipoanza kusikia nyumbani. Kama lazima aadhibiwe mtu, tupo saba, na majina yetu yako nyuma ya karatasi hii.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie wanao na wajukuu wako, akurudishe kwako kwa amani.

Watoto hao saba ndio waliokaa mbele yako. Mashine zao zimewashwa. Tunakuomba utoe jibu lako ukijua kwamba wanakusikia. Na neno "ondoka" ni katika machache wanayoyajua.

Ni sisi,
Mabibi wa Darasa la Asubuhi,
Kituo cha Chipukizi.