Kioo cha Mgongoni cha Verediana Kalinga

Baba Padre, katekista wetu Philbert, wazee wa kigango, majirani, na ninyi akina mama mliokuja na baiskeli zenu mkazilaza kwa heshima pale majanini, ukoo umetutuma tuwasomee maisha ya binti yetu Verediana, nasi tutayasoma kama yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kufichwa.

Marehemu alizaliwa Kilolo tarehe 2 Februari 1924, mdogo wa mwili tangu siku hiyo, hata mkunga alipotoka nje kutangaza alisema, "Ni msichana, sogezeni taa mtamwona." Shule alianza mwaka 1933, akakalishwa nyuma ya wasichana warefu, mwalimu akimwita anaitika, mwalimu anaandika hayupo, mpaka siku moja akamwambia baba yake, "Baba, kama sipo, basi nisiwepo nikiwa shambani, angalau nitavuna," na hapo masomo yake yakaishia.

Mwaka 1946 alihamia hapa Nyololo kwa shangazi yake, akajifunza kuoka mikate, na mwaka 1949 akanunua baiskeli kuukuu, akawa anawapelekea mikate mafundi wa barabara kuu, kikapu mbele, kikapu nyuma, yeye katikati, na ukungu wetu mnaujua, ng'ombe hupoteza hata mkia wake. Ndipo asubuhi ya tarehe 12 Mei 1951, kijana Ezekia Kalinga, karani wa ghala la pareto, akiteremka mlima na baiskeli yake yenye taa ya dinamo, akamparamia, mikate ikatapakaa mpaka mtaroni, naye akainuka akijipangusa na kusema, "Samahani dada, sikukuona." Marehemu akasimama, akamfika kifuani, akamwambia, "Mtu mzima, vikapu viwili, na harufu ya mkate wa moto, unasema hukuniona? Na pua nayo umeiacha nyumbani?" Ezekia alirudi kesho yake kuomba radhi, na kesho kutwa, na juma lililofuata, hata shangazi akatambua kwamba radhi ya namna hiyo ina mahari ndani yake.

Ndoa ilifungwa tarehe 29 Septemba 1951, na bwana harusi alipomwuliza mkewe anataka zawadi gani, akataka kioo, wakaenda pamoja Iringa mjini dukani kwa mzee Isihaka, Ezekia akitabasamu njia nzima, akidhani mke anataka kuutazama uzuri wake. Alipochagua cha duara chenye ukingo wa bati, mzee Isihaka akamwonya, "Bibi harusi, hicho ni cha wanaume kunyolea ndevu," naye akajibu, "Ndevu anazo, mzee wangu, macho ndiyo hana." Waliporudi akakishonea mikanda ya begi bovu, akakivaa mgongoni juu ya sweta jekundu, kikitazama nyuma, akapanda baiskeli, na tangu siku hiyo malori, yakiona taa zao zinarudi kutoka kiooni, yakawa yanapunguza mwendo na kumpigia honi kwa adabu.

Akina mama wengine wa baiskeli wakafuata ili nao waonekane ukunguni, kila mmoja na urembo wake, Jaha, mke wa mwenye hoteli, akafunga utepe wa njano kwenye usukani na kupaka viatu chokaa, naye Ikupa, aliyeolewa kutoka Mbeya, akashonea kiraka cha gunia jeupe la unga nyuma ya gauni, maandishi ya kinu yakakaa mahali ambapo Padre, ingawa alijua kusoma kuliko sisi sote, alikataa kuyasoma.

Maneno hayakukosekana, mama mkwe alisema, "Mwanangu, umeoa mwenye uso mbele na uso nyuma, sasa utamwamkia wapi?" na vijana wakamfuata barabarani wakijichana nywele. Lakini Jumapili ya Matawi, tarehe 11 Aprili 1954, watu wakitoka kanisani, beberu wa katekista alitazama kile kioo, akaona beberu mgeni amekuja kumvamia, akarudi nyuma, akainamisha pembe, na binti yetu akaingia mtaroni yeye na baiskeli na tawi lake. Baraza la wazee likakaa siku ileile, likaamua kioo kitoke ama baiskeli iuzwe, na akina mama wakajua kikitoka hicho na urembo wao wote utatoka. Yeye akiwa bado na matope masikioni aliwaambia, "Wazee wangu, nimepita barabara hii miaka yote, beberu ndiye wa kwanza kuniona, na ndiye mnayemtetea?"

Ezekia, kwa kuwaheshimu wazee, alitoka asubuhi ya tarehe 24 Aprili na mkasi mfukoni, amfuate mkewe barabarani akate ile mikanda, lakini ukungu ukashuka, akawa haoni hata usukani, isipokuwa taa yake ya dinamo iliporudi kutoka kwenye kile kioo, ikimwonyesha hapa kona, hapa daraja, na kila alipotaka kumkaribia akate, aliogopa, maana akikata, na yeye mwenyewe atafuata nini? Alifika kwa wazee na mkasi wake safi, akasema, "Wazee, zamani nilisema sikumwona, leo sikuona kitu kingine ila yeye." Katekista akaenda kumfunga beberu, na shauri likaisha.

Mungu aliwajalia Mika, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1952, na Matilda, tarehe 6 Januari 1955, ambaye tayari anataka kioo chake.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuumwa kifua, akalazwa hospitali Iringa, akawa mdogo zaidi kitandani, akituuliza kama mafundi wamepata mikate, na tarehe 3 Julai 1958, alfajiri, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi kwenye baridi hii, mafundi wa barabara waliochimba kaburi, akina mama wa baiskeli, na dereva wa lori lililomleta, aliyekubali Ezekia afunge kile kioo nyuma kabisa, kwani ukungu wa leo mmeuona wenyewe. Sisi tuliomfuata tulimwona mbele njia nzima, na humo kiooni tuliona na nyuso zetu, tukijua tunamfuata wapi.

Verediana, binti wa Kilolo, tumekuona, sasa pumzika kwa amani.