Njiwa wa Cuthbert Stobbs

Wasikilizaji wapendwa, epueni birika lisije likatupigia mluzi, mketi nami. Leo tunamkumbuka Cuthbert Stobbs, kijana wa kijiji chetu hiki cha makaa ya mawe, hapa Durham, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtu wa redio ndani ya ndege ya mabomu. Alipotelea Bahari ya Kaskazini, Machi 1941, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Akina Stobbs walikuwa watu wa njiwa. Baba yake, mzee Matthew, alichimba makaa wiki nzima, na siku ya mapumziko alishindanisha njiwa. Mwaka mmoja alishinda kikombe, kisha akakirudisha kwa mkono wake mwenyewe. "Saa yangu ya kupimia njiwa ilichelewa sekunde nne, ushindi si wangu," akasema. Watu walimcheka mpaka Krismasi.

Wakati ule ndege za vita zilibeba njiwa. Mkiangukia baharini, mnamrusha arudi kwao na ujumbe mguuni. Cuthbert alimchukua jike wao wa kijivu. Dada yake Edith, wa miaka kumi na saba, alimtania mlangoni.

"Mrudishe salama. Wewe ukichelewa si neno."

"Haya, mama njiwa! Huyu ana akili kukushinda, atarudi mwenyewe."

Akarudi mwenyewe kweli. Jumatatu, saa tatu asubuhi, alitua bandani, amelowa, anatetemeka. Edith alikuwa peke yake nyumbani, anafua, maana Jumatatu ndiyo siku ya kufua kijiji kizima. Na sheria ya baba yake aliijua tangu utotoni: njiwa wa safari haguswi. Anywe, ale, apumue, mwenye banda ndiye atamshika. Tena alidhani kaka yake kamrusha kwa mazoezi tu, kama kawaida yake. Akampa maji na mahindi, akarudi kwenye beseni.

Mzee Matthew alirudi kutoka mgodini saa nane mchana. Akamshika njiwa, akafungua kikopo cha mguuni. Mwandiko ulikuwa wa Cuthbert: "Tuko wanne. Boti ya mpira inavuja." Na chini yake, mahali walipo. Mzee alikimbilia polisi na vumbi lake la makaa usoni. Waokoaji walifika jioni. Boti waliiona. Ilikuwa tupu.

Narudia, wapendwa: njiwa alifika saa tatu. Ujumbe ulisomwa saa nane. Binti wa Edith, Bi Maureen, ameniambia hivi: "Mama hakufua tena Jumatatu. Mtaa mzima umeanika, sisi kamba tupu."

Mzee Matthew alipofariki, Edith alifungua daftari lake la njiwa. Penye siku ile baba yake alikuwa ameandika: "Jike wa kijivu. Amefika saa nane mchana. Nimempokea mwenyewe."

"Mama alilia huku anacheka," anasema Maureen. "Akaniambia, babu yako huyu wa sekunde nne! Tazama, kadanganya asubuhi nzima kwa ajili yangu."

Mwezi uliopita Bi Edith naye alitutoka. Maureen alipofungua daftari lile, alikuta mstari wa pili, kwa penseli ya mama yake: "Saa tatu asubuhi. Nilimpokea mimi. Asante, baba."

Pole sana, Bi Maureen, na jamaa wote wa Stobbs. Nasi tuliobaki tujiulize ni nani aliwahi kutubebea mzigo wetu, akanyamaza.

Maureen anasema Jumatatu hii atafua shuka za mama yake. Ukipita kwao ukaiona kamba imejaa, msalimie.