Pepo Ambaye Skola Hakuwa Naye

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni mama Skola, na nimesimama hapa nikiwa bado nimechanganyikiwa, sitawaficha. Wengine huja mbele wakiwa wameelewa yote. Mimi nimeelewa nusu, na kwa nusu hiyo namshukuru Mungu.

Kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa tulikaa peke yetu kwenye mikorosho yetu, mbali kidogo na Mtama. Binti yangu Skola alikuwa mtoto mkimya, mwenye mambo yake. Mlenda hagusi. Ukimsuka nywele analia mpaka anatapika. Nikasema ni deko, akikua litamtoka.

Tukahamia kijijini. Nyumba kwa mistari, jirani akikohoa unamwitikia. Kila asubuhi balozi wa nyumba kumi anagonga rimu la gari lililotundikwa, watu watoke kwenda shamba la kijiji. Ngo! Ngo! Ngo! Wenzake wanachukua majembe, Skola yuko mvunguni mwa kitanda, kaziba masikio, anajigonga kichwa ukutani. Shuleni analivua shati mbele za watu, eti linamng'ata. Shati linang'ata, jamani? Na mvua ikipiga bati la darasa, anatoka mbio mpaka porini.

Ndugu zangu, nilimpiga. Nasema wazi mbele za Mungu, nilimpiga kwa fimbo, nikidhani ni kiburi. Watu walisema sijui kulea. Mmoja akasema mtoto anakwepa kazi ya kujenga taifa. Ana miaka minane, anakwepa kujenga taifa! Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nikampeleka zahanati. Mganga akamwangalia masikio, akasema mazima kabisa. Sasa kama masikio ni mazima, mtoto ana nini? Hapo ndipo tulipoamua kwamba ni pepo.

Tukaanza maombi ya kumfungua. Siku tatu! Na ninyi mnajua sisi Wamakonde tunavyoomba: ngoma katikati, nyimbo kwa nguvu zote, watu kumi wameweka mikono kichwani mwa mtoto, wanamtikisa, mafuta yanamchuruzika usoni. Kadiri alivyopiga mayowe ndivyo tulivyozidisha ngoma. Siku ya pili akamng'ata mzee wetu wa kanisa kidole. Mzee akaruka juu: "Amejionyesha! Ongezeni sauti!" Na sisi tukaongeza. Mungu atusamehe, tukaongeza!

Mume wangu si mtu mbaya, alikuwa amechoka. Siku ya tatu asubuhi akaniambia, "Mama Skola, leo ndiyo mwisho. Asipofunguliwa leo, kesho nampeleka kwa mama yangu Newala, akakae huko huko." Mtoto wangu wa pekee! Niliomba siku ile kuliko siku zote, na ngoma nikaipiga mwenyewe.

Katikati ya maombi Skola akatuponyoka. Tukamtafuta shuleni, kisimani, porini. Hayupo. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa ghala la korosho. Nikamwona kajibana katikati ya magunia, na gunia moja kalivuta likamlalia miguuni. Halii. Hatetemeki. Nikanyoosha mkono nimpapase shavuni, akaruka kama nimemchoma. Akasema, "Usinipapase, mama. Nibane."

Nibane! Miaka minane nilikuwa nampapasa kwa upendo wote, kumbe namuumiza. Nikaingia katikati ya magunia yale, nikamkumbatia kwa nguvu, nikamlalia na uzito wangu wote, na mnaniona nilivyo. Akashusha pumzi ndefu. Akasema, "Mama, huku kumenyamaza."

Basi mzee wa kanisa akafika mlangoni na ngoma yake na kundi zima. "Tumempata! Tumkemee!" Nikainuka nikasimama mlangoni. Mimi, ambaye sijawahi kumjibu mzee! Nikasema, "Shikamoo, mzee wangu. Ngoma hiyo weka chini. Ukitaka kuomba, omba moyoni, Mungu anasikia." Akaniangalia, akaangalia kidole chake, akaiweka chini. Tukaomba kimya. Skola akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akamshika baba yake mkono. Baba yake akaubana sana mkono ule, na ya Newala hakuyasema tena.

Mnaniuliza, alikuwa na nini? Sijui! Ninavyoona mimi, sisi tuna kama kifumbu cha kuchujia nazi ndani yetu, makelele na miguso inapita kidogo kidogo. Yeye hana; tui na machicha vinamwingia pamoja. Lakini mbona mvua juu ya makuti haimsumbui, ila ya bati inamtesa? Mbona mchi kwenye kinu anausikia vizuri tu, kijiko kikigusa sahani analia? Sielewi. Nilichojifunza ni kumuuliza yeye. Shati anavaa nje ndani, mishono isimguse. Watu wanacheka, wacheke. Balozi kabla ya kugonga rimu anapita kwetu kwanza kumwambia Skola ajiandae. Mvua ya bati bado imetushinda, siwadanganyi.

Mungu hakumtoa Skola pepo, maana hakuwamo. Mimi ndiye niliyetolewa fimbo mkononi. Namshukuru! Na wewe mama mwenye mtoto anayekimbia kelele, unayeambiwa umemdekeza, usiogope wala usimpige. Mwamini Mungu aliyemuumba hivyo, halafu umuulize mtoto wapi panauma. Njoo kwangu baada ya ibada, tuchanganyikiwe pamoja.

Na ninyi mama zangu, naona vigelegele vimewajaa kinywani. Vimezeni leo. Skola yuko pale mlangoni. Ni mara yake ya kwanza kuingia kanisani tangu maombi yale, na amekuja mwenyewe. Semeni amina polepole.