Taa Juu ya Bunduki

Ndani ya basi la kaunti liendalo mji mdogo wa De Leon, kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata taa mpya ya kufunga kwenye bunduki. Nguruwe mwitu walikuwa wamefukua nusu ya shamba lake la karanga. "Nimechukua ya mwanga wa kijani, mama," alimwambia mwanamke aliyekaa naye. "Nyeupe inawatimua."

"Na utajuaje kwamba unayemmulika ni nguruwe?"

"Si nitamwona?"

"Utamwona ukiwa umeshamwelekezea mtutu. Shika tochi nyingine mkononi, mwanangu, uangalie kwanza."

"Mikono ninayo miwili tu, na yote iko kwenye bunduki."

"Na majirani unao wangapi?"

Kijana alicheka, akageuza boksi kusoma mwanga unafika yadi ngapi. Watu wa kwetu huanza na yadi. Usiku mmoja mume wangu Weldon alikuwa anatafuta ndama wetu aliyetoroka, jirani alipommulika kwa taa ya namna hiyo, na kidole kikayatangulia macho; risasi ikamuua.

Basi lilisimama. "Nitafikiria, mama," kijana alimwambia yule mwanamke, akashuka peke yake. Kituo changu kilikuwa bado mbali, lakini nilichukua mkoba wangu nikamfuata.