Bembea Kwenye Kona ya Kishindo

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haivuki hata ukingo wa kitanda. Wewe kifunguamimba wangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, vuta kiti ukae. Na wewe Mwalimu, weka kalamu chini, leo sina maneno ya kuandikwa, nina maneno ya kusikiwa. Mziwanda wangu, fungua dirisha. Daktari kasema upepo utaniumiza, lakini daktari haishi juu ya uwanja wa bembea, hajui kwamba nisiposikia watoto wakipiga mayowe huko chini naona kama nimeshakufa.

Na machozi yafuteni. Sikulala hapa kwa kuonewa. Nimekula chumvi nyingi, nimezaa, nimezika, nimecheka kuliko wengi, na hakuna marefu yasiyo na ncha. Wahenga walisema msema pweke hakosi, nami leo nasema peke yangu, kwa hiyo leo sikosei. Anayetaka kunibishia aweke ubishi wake mpaka tukutane huko niendako.

Nianze na vidogo, maana ndugu hawagombani kwa shamba, hugombana kwa sufuria. Cherehani ni ya Mwalimu, ingawa hajui hata kutunga uzi, kwa sababu alipokuwa mchanga alilala kando yake na mlio wake ndio uliombembeleza. Nyumba hii na ngazi zake zinazolia ni ya mziwanda, aliyenibeba mgongoni kuzipanda tangu miguu yangu iliponigomea. Saa ya baba yenu ni yako, kifunguamimba. Haijatembea miaka mingi, lakini mwishoni mwenyewe naye alikuwa hivyo hivyo, na tulimpenda.

Sasa uwanja. Hapo ndipo penye mfupa.

Ninyi mnaujua kwa bembea zake na kitreni chake, lakini mimi niliujua ulipokuwa uwanja wa mbio za magari. Panapozunguka kitreni palikuwa na lami nyeusi, moto kama kikaango, na penye kibanda cha bisi ndipo nilipokuwa nikisimama na bendera. Nilikwenda pale kama fundi cherehani tu, nimepeleka bendera mpya nilizoshona, nikamkuta mpeperusha bendera amelewa chakari, hajui hata aliko, magari yananguruma, watazamaji wanapiga miguu jukwaani, na mwenye uwanja ameshika kichwa. Nikamwambia, "Aliyeishona hashindwi kuitikisa." Nikaitikisa. Madereva wakaangua kicheko mwanamke kushika bendera, wakasahau kuondoka, isipokuwa mmoja tu aliyekuwa akinitazama badala ya kucheka. Huyo akaondoka peke yake, akashinda. Huyo ndiye baba yenu. Mpaka anaingia kaburini alidai kwamba alishinda kwa ufundi.

Baba yenu alikuwa na mdogo wake, baba yenu mdogo, aliyeitwa Kishindo kwa sababu hakujua kuingia mahali kimyakimya. Kifunguamimba, wewe unamkumbuka. Alikuwa akikubeba mabegani na kukuzungusha uwanja mzima huku ananguruma kama injini, nawe umemshika masikio kana kwamba ndiyo usukani. Wadogo zako hawakumwona. Gari la Kishindo lilikuwa likitengenezwa na Spana, rafiki yake tangu utotoni. Wamekula sahani moja, wamevaa shati moja kwa zamu. Basi siku ile, kwenye kona ya mwisho, gari halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja, likapasua matairi ya kinga, likagonga ukuta, likawaka. Sisemi zaidi. Wewe, mwanangu, ulikuwa jukwaani, uliona.

Ajali haina kinga, lakini tulipotoka kuzika watu wakaanza kunong'ona: breki, nani alifunga breki? Hakuna aliyejua kitu. Gari lilikuwa limegeuka jivu na chuma kilichojikunja, na hakuna mtu chini ya jua aliyeweza kusema ni breki iliyokataa au ni mguu wa Kishindo uliochelewa. Lakini uchungu haupendi kukaa peke yake, hutafuta mtu wa kumkalia. Spana alipokuja kutupa pole, baba yenu alimkuta pale mlangoni akamwambia mbele ya kadamnasi, "Ondoka. Nikikuona tena nitasahau kwamba nililelewa." Spana alihama na mkewe, karakana yake ikafungwa, kwa maana nani angempelekea gari fundi anayesemwa kwamba mikono yake imeua? Mbio nazo zikafa. Mwenye uwanja akauacha mji, akamwachia baba yenu ardhi kwa hati halali kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Majani yakaota juu ya lami, mbuzi wakawa ndio watazamaji wa jukwaani.

Mimi ndiye niliyesema tuweke bembea. Nilikuwa nikipita pale nawaona watoto wa mtaani wanabingirishana ndani ya matairi mabovu, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na moyo wangu ukaniambia kwamba hata mahali huchoka kuomboleza. Baba yenu akaniuliza, "Alipofia mdogo wangu, nipaweke kicheko?" Kidonda hakibishiwi, hungojewa kikauke. Nikangoja, mvua zikaja zikaenda, mpaka siku moja tumekaa sebuleni, na bibi yenu, mama yao wote wawili, yuko kwenye kiti chake anachambua mchele, akasema bila hata kuinua macho, "Jengeni. Mwanangu hakupenda mahali pa kimya."

Baba yenu akakosa pa kutokea. Akasema, "Haya mama, nitatafuta fundi."

"Fundi yupo," bibi yenu akasema. "Kamlete Spana."

Wanangu, niliogopa. Baba yenu alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, akasema, "Mama! Yule ndiye aliyemuua mwanao!" Bibi yenu akaweka ungo chini, akamtazama, akasema maneno ambayo nayaona makubwa kuliko mali yote nitakayowaachia: "Wewe ulikuwa chini ya lile gari? Mimi pia sikuwepo. Sijui kama ni breki, sijui kama ni mguu wa mwanangu, na Mungu anayejua hajanituma nitoe hukumu. Ninachojua, watoto wawili walikuwa wakila jikoni kwangu. Mmoja alichukuliwa na ajali, huyo harudi. Wa pili alichukuliwa na maneno yenu, na huyo anarudi akiitwa. Usipokwenda wewe nitakwenda mwenyewe kwa miguu, na magoti yangu unayajua."

Baba yenu akaenda. Walirudi wamekaa kiti cha mbele cha gari, hawasemezani, kama watu wawili waliobebeshwa kioo kimoja. Kazi ndiyo iliyowafungua midomo. "Nipe bisibisi." "Shika hapa." "Legeza kidogo." Wakachomelea vyuma, wakaning'iniza minyororo, maneno yenyewe ya kuhesabika, mpaka alasiri moja nikawasikia wanabishana ni nani kati yao aliyekuwa dereva mbovu zaidi ujanani, sauti zimepanda, wanacheka. Nikarudi ndani, nikainamia cherehani, nikalia hata kitambaa kikalowa.

Siku ya kufungua watu walijaa, ila hakuna aliyepanda. Kila mmoja alijua ni nani aliyekaza zile nati. Akina mama wamewashika watoto mikono, viti vitupu vinayumba, na Spana kasimama kando ya swichi, uso umemkauka. Ile bembea kubwa ya minyororo, inayozungushwa na mota, tuliiweka palepale kwenye kona, kwa amri ya bibi yenu. Ndipo yeye akapita katikati ya watu na mkongojo wake, akaketi kwenye kiti cha kwanza, akampa Spana mkongojo aushike, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nifunge mkanda, mwanangu. Kaza vizuri, mimi mzee."

Spana alipiga magoti akamfunga, akaukaza mkanda, akaujaribu tena. Kisha akawasha. Bibi yenu akapaa juu ya ile kona, mtandio unaruka nyuma yake, kwanza amefumba macho, halafu akayafumbua, halafu, nani angeamini, akapiga kelele kama msichana: "Zidisha!" Aliposhuka uso ulikuwa umelowa na mdomo unacheka, na kabla hajarudishiwa mkongojo wake foleni ilikuwa imeshafika getini.

Hivyo ndivyo tulivyopata riziki yetu. Ndiyo iliyowavika, ndiyo iliyowasomesha.

Kifunguamimba, sasa nakuja kwako. Ukuta wa jikoni ni mwembamba na masikio yangu bado hayajafa. Nilikusikia unamwambia dada yako kwamba wapo watu wanaoitaka ardhi wajenge maghala, na kwamba ni heri kuuza kuliko kuchangia chungu na mtoto wa yule mtu. Sikukasirika, mwanangu. Sikusikia tamaa katika sauti yako. Nilimsikia mtoto aliyekuwa jukwaani, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwinamia akamuuliza, umeonaje, umelala vipi. Baba yako alirudiana na Spana kazini, mimi nilirudiana naye kwa kuwapelekea chai, lakini wewe hukupewa kazi ya kukuponya. Uliambiwa tu usalimie. Ulisalimia. Umesalimia mpaka Spana amekufa, na bado moyoni hujafungua mlango. Yaliyopita si ndwele, nakubali, lakini ndwele isiyogangwa haiitwi iliyopita.

Basi sikiliza kauli yangu, na wote muisikie. Uwanja hauuzwi. Ni wenu ninyi watatu, na Binti Spana ni wa nne, sawa kwa sawa. Asiitwe kibarua wala asiitwe mtu wa nje. Baba yenu aliafiki kabla ya kwenda, na mwanasheria ameshatia mhuri. Mnamwona nyote kila asubuhi: hukagua chuma kwa chuma, kisha hupanda yeye mwenyewe kwanza, anazunguka peke yake kule juu, ndipo anaruhusu mtoto wa mtu kukalia kile kiti. Mnadhani kwa nini? Amekulia ndani ya jina lililochafuliwa, na kila siku analifua. Msimwache alifue peke yake.

Mwalimu, wewe una ulimi wa kuelewana na watu wa ofisini, vibali ni juu yako. Mziwanda, kaa getini, wewe una uso wa kupendwa na watoto. Na mtoto yeyote anayesimama nje ya uzio akitazama tu, mwite ndani, usimwulize tiketi. Vile vigari vya kugongana vipakeni rangi, vinatia aibu. Na wewe mkubwa, usimamie yote, maana jicho lako ni kali, na jicho kali ni baraka likiwa na moyo nyuma yake.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante.

Nikifa nizikeni kando ya baba yenu, na yule jirani asiyejua kumaliza hotuba msimpe nafasi ya kusema, sitaki kuwahi kufufuka kwa kuchoka. Geti lifungwe siku moja tu...

Unasimama? Unakwenda wapi, baba? Nimekuumiza?

Mwacheni. Mwacheni ashuke. Hizo ni ngazi zinalia, si yeye.

Mziwanda, hebu chungulia. Anaelekea kwenye gari lake? Sema tu, nimeshayaona mengi... Kwenye bembea? Una hakika ni yeye? Anasema na Binti Spana... Anasemaje? Eh, huku juu hamsikii kitu, na mimi nawauliza ninyi. Mwalimu, usinifiche. Wanagombana?

Wamekaa kwenye viti? Wote wawili?

Basi waacheni. Waacheni wakae. Nitangoja, nguvu ya kungoja ninayo.

...Karibu, Binti Spana, mwanangu. Usinawe, grisi haijaua mtu, njoo hivyo hivyo. Kaa hapa, na kaka yako akae hapa. Macho yako mekundu, kifunguamimba. Vizuri. Yalikuwa yamechelewa. Sikulazimishi umpende leo. Leo mheshimu, mapenzi yatakuja kwa miguu yake yenyewe.

Siwaoni vizuri sasa, lakini nawahesabu kwa pumzi. Wanne. Radhi zangu mnazo, ninyi nyote wanne... kwa maziwa niliyowanyonyesha watatu, na kwa chai niliyomnywesha wa nne. Mungu awape afya... awape kazi isiyowaaibisha. Asimlaze mmoja wenu na kinyongo... hata akilala na njaa. Mkikosana, mkosane mchana... jioni mle pamoja. Amina. Semeni amina... sijasikia ya mkubwa. Haya.

Mbona chini kumekuwa kimya? Mmesimamisha mashine... kwa ajili yangu? Hapana, hapana. Mwalimu na mziwanda watabaki nami. Ninyi wawili shukeni... pamoja. Mmoja akaze... mwingine awashe. Nendeni, wanangu... mtoto hajui kungoja.