Kumuaga Msemaji wa Kampuni Iliyosema Imelipa

Mheshimiwa Meya Lucille Vandersloot. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, Ndugu Terrence Okrasinski. Baba Paroko, uliyetuazima viti. Waheshimiwa wakurugenzi wa Kampuni ya Magari ya Halvane, mlioketi karibu na mlango. Mgeni wetu wa heshima, Bwana Russell Aldrich. Mabibi na mabwana:

Mkopo wa serikali kwa Halvane haujalipwa. Hayo ameyasema leo asubuhi, kule Washington, mkaguzi wa mikopo ya serikali, Bi. Imogen Haverty. Nayatanguliza ili mle kwa utulivu, maana naona meza ya nne mnaoneshana simu chini ya kitambaa.

Nimeombwa nimuage Bwana Aldrich kwa niaba ya waandishi wa habari wa Kesselby. Amekuwa msemaji wa Halvane kwa miaka kumi na minne. Katika muda wote huo hakuwahi kukataa simu yangu, na hakuwahi kujibu swali langu. Yote mawili yanahitaji nidhamu.

Mnajua tulikotoka. Kampuni ilipokuwa inazama, serikali iliikopesha dola bilioni sita za walipa kodi, ikaweka na sharti: mpaka mkopo uishe, kiwanda cha Kesselby hakifungwi. Januari likaja lile tangazo la televisheni. Mkurugenzi mkuu alitembea katikati ya magari mapya, akatutazama machoni, akasema Halvane imelipa deni lote, tena kabla ya wakati. Nani kati yetu hakufurahi? Watu walipiga honi barabara nzima ya Mill. Wiki tatu baadaye kampuni ikatangaza kwamba, kwa kuwa deni limekwisha, kiwanda cha Kesselby kitafungwa Septemba. Honi zikanyamaza.

Yuko mtu mmoja hapa ambaye habari hiyo ilimkuta vibaya kuliko wengi. Rozella Tibbs, aliyeketi pale karibu na jiko, hupachika milango ya magari kwenye mstari wa pili wa kiwanda. Wazee wetu waligoma mpaka wakapata haki hii: ukitimiza miaka thelathini kiwandani, unaondoka na pensheni kamili. Rozella anatimiza Januari ijayo. Nilipomuuliza anajisikiaje, alinijibu hivi: "Miezi minne, ndugu yangu. Hata baridi ya hapa huchukua muda mrefu zaidi."

Basi mwezi Machi, Ijumaa moja ya Kwaresima, kampuni ilimtuma Bwana Aldrich aje kutuliza watu. Aliijua siku ya kuja, kwa sababu Ijumaa za Kwaresima mji wote hula samaki wa kukaanga humu ukumbini. Kitu ambacho hakukikumbuka ni uwanja wa magari. Hapa nje, magari ya Halvane hukaa karibu na mlango, na gari la kampuni nyingine hupelekwa mwisho kabisa, kando ya mapipa ya taka. Hata daktari aliyekuja kumzindua mtu aliyezimia aliliacha lake kule. Uwanja wa ndege ulikuwa umemkodishia Bwana Aldrich gari la Kijapani. Mzee Delbert Nykamp, mlinzi wetu wa uwanja, alimsimamisha.

"Hilo si letu, bosi. Kule mwisho, kwenye mapipa."

"Mimi ni msemaji wa Halvane."

"Ndiyo maana naona aibu kwa niaba yako. Kule mwisho."

"Ni la kukodi tu, mzee. Ndilo nililopewa."

"Mapipa hayaulizi umelipata wapi."

Bwana Aldrich alivuka uwanja mzima katika theluji iliyoyeyuka, amevaa viatu vya ofisini. Alipoingia, maji yalikuwa yanatoka kwenye viatu kila akikanyaga. Rozella, aliyekuwa zamu ya jikoni, alimwangalia mara moja, akamvutia kiti mbele ya jiko.

"Vua viatu, baba. Ukitufia humu tutakosa wa kumlaumu."

Akampa soksi za marehemu mumewe na sahani ya samaki. Nawaomba wakurugenzi walielewe jambo hili: hakuna aliyemtega. Mtu akiwa na miguu kwenye joto na samaki kinywani, huzungumza kama mtu.

"Hivi baba," Rozella akamuuliza, "hela za kulipia lile deni mlizitoa wapi, na magari yenyewe yamejaa uani hayatoki?"

"Kwenye ile akaunti nyingine."

"Ipi hiyo?"

"Ile ya dharura. Waliyotuwekea serikali."

"Kwa hiyo mmechukua za serikali mkawapa serikali."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Na deni likaisha."

"Kitaalamu."

"Nikuongezee kabichi?"

"Kidogo, asante."

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, sahani mkononi. Hakusema yasiandikwe. Niliyaandika.

Yaliyofuata mliyasikia redioni. Mwanamke mmoja wa Toledo aliiarifu benki yake kuwa amelipa mkopo wa gari la Halvane kwa mkopo mwingine wa benki hiyohiyo, akauliza tangazo lake la televisheni litarekodiwa lini. Wakulima wa kaskazini, nao walipa kodi, walileta matrekta mpaka mbele ya makao makuu ya kampuni, wakayaacha hapo siku nzima. Kampuni ilisema nilimnukuu vibaya. Bwana Aldrich alitakiwa aseme hivyohivyo, akakaa kimya. Wiki iliyofuata tuliambiwa kwamba ameamua kupumzika mapema.

Je, msemaji husifiwa kwa kukaa kimya? Leo nadhani ndiyo. Lakini Bi. Haverty amesema leo kwamba kampuni inapinga hesabu zake, na kwamba sharti la kiwanda litabaki na nguvu iwapo mtu aliyekuwa ndani ya Halvane ataeleza, chini ya kiapo, fedha zilitoka wapi. Kamati ya Bunge imemwita Bwana Aldrich. Mkataba wake wa kustaafu, nao, unasema malipo yatakoma akitamka lolote la kuidhuru kampuni. Wiki hii nilimpigia kumuuliza atasema nini. Alisema, "Bado nafikiri." Nilimshukuru, nikakata simu.

Bwana Aldrich, sitakuomba kitu. Kazi yangu ni kuuliza, na nimeshauliza. Rozella naye amenikataza kukuomba kwa ajili yake. Anasema unajua anapokaa. Kwa niaba ya waandishi, tunakutakia afya njema na mapumziko marefu.

Kamati itakutana Washington Jumanne ijayo, tarehe ishirini Aprili, saa nne asubuhi, na shahidi wa kwanza ni Bwana Aldrich. Basi la chama litaondoka mbele ya ukumbi huu Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na Rozella amekwisha kuchukua kiti. Kampuni imemwandalia Bwana Aldrich ndege. Tulipokuwa tunatundika makoti, alimuuliza Ndugu Okrasinski kama basi bado lina nafasi. Zilikuwepo tisa. Sasa zimebaki nane, na anayetaka amwone Ndugu Okrasinski kabla ya kesho jioni.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Chakula kiko tayari.